Namna ya Kukusanya Kumbukumbu za Madansi na Matamasha ya Kabla ya Simu Janja, Mbeya na Iringa

Mtu aliyecheza dansi Iringa mjini mwaka 1984 hana video ya usiku huo, na mara nyingi hana hata picha moja iliyopigwa ndani ya ukumbi. Alichobaki nacho ni kumbukumbu yake, pengine kaseti aliyorekodi kutoka redioni, na pengine picha ya studio aliyopiga mchana akiwa amevaa nguo alizozitoa sandukuni kwa ajili ya usiku huo. Kama alikuwa na miaka ishirini wakati ule, sasa amevuka sitini, na wenzake aliocheza nao wanapungua. Mwongozo huu ni kwa ajili ya mtoto, mjukuu, mwalimu au kijana yeyote wa Nyanda za Juu Kusini anayetaka kukaa na watu hao na kuandika wanayoyakumbuka kuhusu madansi, ngoma, kwaya na sherehe za muziki za siku ambazo hakuna aliyekuwa na simu mfukoni.

Niseme mapema msimamo wangu, kwa kuwa ndio unaoongoza ushauri wote unaofuata. Kumbukumbu za zilipendwa huharibika pale mkusanyaji anaporidhika na sifa. Mzee akisema kwamba zamani muziki ulikuwa muziki na watu walikuwa na adabu, anasema jambo analoliamini kwa moyo wote, lakini maneno hayo hayatuelezi ukumbi ulikuwaje, kiingilio kilipatikana wapi, nani alizuiwa mlangoni, wala nini kilimpata binti aliyetoka peke yake saa tisa za usiku. Utamu na machungu vilikuwa vya usiku uleule mmoja, na inafaa tuvipokee vyote katika kikao kimoja bila kumlazimisha msimuliaji achague upande.

Jiandae kabla ya kupiga hodi

Mzee akiona kwamba hujui lolote kuhusu enzi zake, atakupa majibu mafupi ya kumridhisha mgeni. Akiona umejiandaa, atakusahihisha, na katika kusahihishwa ndipo utakapopata habari nyingi zaidi. Kwa hiyo jifunze kwanza mazingira ya wakati ule, angalau kwa kiwango cha kukuwezesha kuuliza swali la pili baada ya jibu la kwanza.

Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994. Kwa miongo kadhaa redio ya wengi ilikuwa moja, Radio Tanzania Dar es Salaam, na bendi zilirekodi nyimbo zao katika studio zake, hivyo msikilizaji wa Mbozi, Makete au Mufindi aliweza kuimba wimbo mzima bila kuwahi kuona sura ya aliyeuimba. Santuri nyingi za bendi zetu zilitengenezwa Nairobi, na mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa mwaka 1977 usifunguliwe tena hadi 1983. Kijana wa miaka hiyo aliyetaka kuwa na wimbo nyumbani aliurekodi kutoka redioni, na aliyetaka kuuona ukipigwa alisubiri bendi ifike mkoani. Ukielewa hilo utaelewa kwa nini ujio wa bendi moja ulizungumzwa mitaani kwa wiki nzima.

Elewa pia nani alikuwa mwenye bendi. NUTA Jazz iliyoanzishwa mwaka 1964 ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana wa chama tawala, na Bima Lee ilikuwa ya Shirika la Bima. Iringa ilikuwa na Tancut Almasi Orchestra, bendi ya kampuni ya kukata almasi iliyokuwa na kiwanda chake mjini humo, na wazee wengi wa Iringa wanaitaja kwa fahari ambayo sijaisikia wakiitoa kwa jambo jingine lolote la miaka ya 1980. Mwanamuziki wa bendi ya aina hiyo alikuwa mwajiriwa mwenye mshahara, jambo ambalo wasanii wengi wa leo hawana. Hata hivyo vyombo vilikuwa mali ya mwajiri, kuanzia gitaa hadi spika, na aliyeacha kazi aliondoka bila chombo cha kupigia. Mkutanapo na mwanamuziki mstaafu, muulize gitaa alilopiga lilikuwa la nani, kisha mwache aendelee mwenyewe.

Jiografia nayo ina umuhimu wake. Barabara kuu ya kwenda Zambia ilitiwa lami mwanzoni mwa miaka ya 1970, na reli ya TAZARA ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975. Bendi iliyotoka Dar es Salaam kwa barabara ilipita Morogoro na Mikumi, ikapanda milima ya Kitonga hadi Iringa, kisha ikashika njia ya Mafinga na Makambako kuelekea Mbeya, na mbele zaidi Tunduma. Kila kituo kilikuwa na siku zake nzuri kulingana na fedha za wakazi: mwisho wa mwezi kwenye mashamba ya chai ya Mufindi na Rungwe, msimu wa kahawa Mbozi, msimu wa mpunga Kyela. Kumbuka vilevile kwamba msimuliaji anaposema "mkoa wa Iringa" anaweza kuwa anazungumzia Njombe, ambayo imekuwa mkoa unaojitegemea tangu mwaka 2012, na anaposema "mkoa wa Mbeya" anaweza kuwa na maana ya Vwawa au Tunduma, ambazo ziko mkoa wa Songwe tangu mwaka 2016.

Usiishie kwenye dansi. Kwa watu wengi wa vijijini tamasha kubwa la mwaka lilikuwa Sabasaba, au siku Mwenge wa Uhuru ulipokesha wilayani kwao, ambapo vikundi vya ngoma na kwaya za shule vilitoka kata mbalimbali na kushindana mbele ya viongozi. Huko ndiko wengi walikoonana na wachezaji wa kabila jingine kwa mara ya kwanza. Muziki wa asili wa ukanda huu umewahi kurekodiwa zamani kuliko wengi wanavyodhani: Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alipita Tanganyika na mitambo yake mwaka 1950 na kurekodi, miongoni mwa wengine, Wahehe, na kazi zake zinahifadhiwa katika Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika iliyopo Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Ukibahatika kumpata mtu aliyemwona babu yake akipiga ligombo, ala ya nyuzi ya Wahehe, habari zake zina thamani kubwa kuliko orodha nyingine ya nyimbo za dansi.

Nani wa kuulizwa

Kosa linaloonekana mara nyingi katika kazi za namna hii ni kuwahoji wale tu waliopenda muziki. Mpenzi wa bendi aliyekuwa na mshahara, rafiki na pahali pa kulala mjini atakupa usiku mmoja tu kati ya nyingi zilizokuwapo ndani ya ukumbi uleule. Mtafute pia aliyekaa mlangoni akikata tiketi, mlinzi, dereva wa lori lililobeba vyombo, mama aliyeuza mishikaki au chai nje ya ukumbi, mhudumu wa baa, na jirani aliyeshindwa kulala hadi majogoo. Kuna pia waliokatazwa kabisa kwenda: binti aliyefungiwa ndani na baba yake, muumini ambaye angetengwa na kanisa, mwanafunzi wa bweni aliyetoroka akachapwa viboko asubuhi. Hawa wanakumbuka muziki kwa kuusikia kutoka mbali, na nimeona kwamba maelezo yao ya mtaa, ya giza na ya njia ni makini kupita ya waliokuwa wakicheza.

Kikao chenyewe

Panga kikao kati ya Agosti na Oktoba kama unaweza. Mvua ikinyesha juu ya mabati hakuna kinasa sauti kitakachookoa maneno ya mzee mwenye sauti ndogo, na Tukuyu na vitongoji vyake mvua ni nyingi kuliko sehemu nyingi za nchi. Juni na Julai ni miezi ya mavuno katika maeneo mengi, tena baridi ya Njombe, Makete na Mufindi huwafanya wazee wakae karibu na jiko, na mkaa unapolia hutia alama katika rekodi kuliko unavyodhani. Omba redio izimwe, weka simu yako katika hali ya ndegeni ili isikatize kurekodi, ilaze juu ya kitambaa kilichokunjwa badala ya meza tupu, na uisogeze karibu na msimuliaji kuliko wewe. Rekodi kwa muundo wa WAV kama programu yako inaruhusu. Mwanzoni kabisa taja kwa sauti tarehe, mahali na jina la anayezungumza, kwa kuwa faili lisilo na maneno hayo huwa fumbo baada ya miaka michache.

Salimia kwa mpangilio unaostahili. Shikamoo haipitwi, na ukiwa Iringa vijijini au Rungwe, salamu ya lugha ya nyumbani itafungua mlango ambao Kiswahili peke yake hakitaufungua. Mwite mama, baba, bibi au babu kama desturi ya nyumba ile inavyotaka, na usianze kurekodi kabla ya kueleza unachofanya na kupata ridhaa. Mama akitaka kwanza akamilishe shughuli zake jikoni, subiri. Kikao kimoja kisizidi saa moja na nusu, kwa kuwa baada ya hapo wazee huanza kujibu ili wamalize.

Usianze kwa kuuliza mwaka. Anza na vitu: alivaa nini, alivaa viatu vya nani, nywele zilikuwaje. Suruali za bugaluu zilizopanuka chini na viatu vya raizoni vyenye soli nene hufungua simulizi haraka kuliko swali lolote la tarehe, na pia hufungua habari za mamlaka, kwa sababu mavazi yalikuwa jambo la kisiasa. Operesheni Vijana, iliyoanza Dar es Salaam Januari 1969, ililenga sketi fupi, suruali za kubana na nywele za bandia, na habari zake zilisambaa nchi nzima. Muulize msimuliaji kama alikuwa na vazi alilolificha, na alimficha nani.

Mwaka utaupata baadaye kwa kutumia matukio. Kwa Iringa, karibu kila mtu mwenye umri unaotosha anajua yeye mwenyewe alikuwa wapi siku Dkt. Wilbert Klerruu, aliyekuwa mkuu wa mkoa, alipouawa tarehe 25 Desemba 1971. Kwa nchi nzima kuna Vita vya Kagera vya mwaka 1978 hadi 1979, kampeni dhidi ya wahujumu uchumi ya 1983, kifo cha Edward Sokoine tarehe 12 Aprili 1984, na Mwalimu Nyerere kung'atuka urais mwaka 1985. Kwa wapenzi wa muziki, uliza kama ilikuwa kabla au baada ya kifo cha Mbaraka Mwinshehe, Januari 1979, au cha Marijani Rajabu mwaka 1995. Ukitaka kujua msimu, uliza watu walikunywa nini: ulanzi, pombe ya mianzi, hugemwa zaidi wakati wa mvua, na anayekumbuka ulanzi umejaa vikombe nje ya ukumbi amekupa miezi hata kama hajakupa mwaka.

Baada ya hapo peleka simulizi kwenye mwenendo wa usiku wenyewe, hatua kwa hatua. Alijuaje kwamba bendi inakuja? Majibu yatakuwa gari la matangazo lenye kipaza sauti, bango lililochorwa kwa mkono, redio, au mtu aliyeshuka kwenye basi na habari. Kiingilio alikipata wapi, na nyumbani walikosa nini kwa sababu ya fedha hiyo? Alikwenda na nani, na walikubaliana kukutana wapi? Swali hili la mwisho lina uzito wa pekee kwa kizazi ambacho hakijawahi kumsubiri mtu bila kuweza kumpigia. Ahadi ya kukutana saa mbili usiku kwenye mlango wa Olofea, kama wazee wa Iringa wanavyouita ukumbi wa ustawi wa jamii, iliwekwa siku kadhaa kabla, na kama mwenzako aliugua au alizuiwa nyumbani hukuwa na namna ya kujua. Ulichagua kuingia peke yako au kusimama nje mpaka nyimbo za kwanza zipite. Wapo waliopoteza wachumba kwa namna hiyo, na wapo waliooa waliowakuta wamesimama wakisubiri mtu mwingine. Mwache msimuliaji akae hapo kadiri anavyotaka, kwa sababu hapa ndipo furaha ya enzi ile ilipo kwa kweli: watu walitazama jukwaa na kutazamana wao kwa wao, na wimbo ulipoisha ulikuwa umekwisha, hukuweza kuurudia mpaka redio iupige.

Kisha uliza swali ambalo kwangu ni muhimu kuliko mengine yote: ulirudije nyumbani? Liulize kwa upole, kwa maneno hayohayo machache, halafu nyamaza. Nimeona mara nyingi kwamba simulizi la sifa hubadilika hapo. Dansi lilikwisha usiku wa manane au alfajiri, mabasi hakuna, teksi chache na ghali, na miaka ya uhaba wa mafuta hata mwenye gari hakuwa na uhakika wa kuliwasha. Watu walitembea kutoka Iringa mjini hadi Kihesa au Ipogolo, au kule Mbeya kutoka Sokomatola hadi Uyole, wakiwa wameloa jasho katika baridi ya Julai, kwenye miji iliyo mita zaidi ya 1,500 juu ya usawa wa bahari. Wengine walilala kituo cha basi wakiwa wamekumbatiana kwa ajili ya joto. Wengine waliporwa viatu vilevile walivyoazima. Aliyeumia njiani hakuwa na wa kumpigia, na familia ilijua asubuhi alipofika, au alipoletwa.

Kwa wanawake jibu la swali hilo linaweza kuwa zito zaidi. Usimuulize mama mbele ya mume wake au wanawe, na kama wewe ni mwanamume, fikiria kumwomba dada au shangazi afanye mazungumzo hayo. Wengi wataeleza kanuni walizojiwekea: kutokwenda chini ya watatu, kutopokea kinywaji ambacho hawakukiona kikifunguliwa, kulala kwa shangazi aliye karibu na ukumbi hata kama itabidi kumdanganya baba. Andika kanuni hizo kwa ukamilifu wake. Zinaeleza hatari waziwazi bila kumlazimisha mtu kusimulia jambo lililompata yeye mwenyewe, na kama ataamua kulisimulia, zima kinasa sauti kwanza, kisha muulize kama anataka kiwashwe.

Kwa wanamuziki geuza swali hilohilo: bendi ilirudije Dar es Salaam? Ziara za mikoani zilitegemea kiingilio cha kila usiku kulipia mafuta, malazi na chakula cha siku iliyofuata. Mvua kubwa, msiba mtaani au umeme kukatika vilitosha kuiacha bendi nzima mjini bila nauli, ikilala ukumbini na vyombo vyake. Katika miji midogo isiyo na umeme wa gridi, jenereta lilikuwa mwanachama wa bendi asiyetegemewa, na likizima watu walibaki na karabai moja na ngoma. Muulize mpiga besi nyuzi zilipokatika alizipata wapi, kwa miaka ambayo hata sabuni na sukari vilipangiwa foleni kwenye maduka ya RTC, kampuni za biashara za mikoa. Maelezo ya jinsi mafundi walivyounganisha spika na kubuni vipuri ni historia ya ufundi wetu ambayo haijaandikwa popote kwa kiwango inachostahili.

Kuna ukimya mmoja ambao lazima uujue kabla hujaukuta. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na katika miaka iliyofuata mkoa wa Mbeya na vituo vya barabara kuu kama Makambako na Tunduma viliumia sana. Wanamuziki, madereva, wahudumu wa baa na wacheza dansi walikuwa miongoni mwa waliokufa wakiwa vijana. Msimuliaji ataanza kutaja majina ya waliokuwa pamoja katika picha, kisha atanyamaza, au atasema tu kwamba wote wametangulia. Usiulize walikufa kwa nini. Uliza kila mmoja alipenda kucheza wimbo gani, alipiga chombo gani, alikuwa akisimama upande gani wa jukwaa. Majina ya marehemu na magonjwa yao si ya kuchapishwa bila ridhaa ya familia zao, hata pale ambapo mtaa mzima unajua.

Kaseti na picha

Mzee akitoa kaseti sandukuni, jambo la kwanza ni kuizuia isifutwe. Kwenye ukingo ulio kinyume na pale utepe unapoonekana kuna vijino viwili vya plastiki, kimoja kwa kila upande. Vivunje kwa ridhaa ya mwenye kaseti, na kama vilikwisha kuvunjwa vikazibwa kwa karatasi au selotepu, ondoa kizibo hicho. Kaseti yenye unga mweupe kwenye utepe ina ukungu: usiicheze kabisa, kwa sababu itachafua mashine na vumbi lake si zuri kwa mapafu. Ifunge peke yake kwenye mfuko wa karatasi na umtafute fundi anayejua kazi hiyo.

Kwa kaseti isiyo na ukungu, tafuta redio kaseti iliyo katika hali nzuri, usafishe kichwa chake kinachosoma utepe kwa pamba na spiriti, uache kikauke, kisha upeleke utepe mbele hadi mwisho na kuurudisha nyuma mara moja ili ulegee kabla ya kuucheza. Unganisha tundu la spika za masikioni na kompyuta kwa waya, na urekodi kwa programu ya bure kama Audacity, katika WAV ya biti 24 na kilohezi 48 au zaidi. Sauti ikitoka nzito isiyo na makali, huenda kichwa cha redio kimeinama, na fundi redio atakirekebisha kwa skrubu ndogo iliyo kando yake akiwa anasikiliza. Kaseti ya dakika 90 ina utepe mwembamba kuliko ya dakika 60, hivyo ishughulikie kwa uangalifu zaidi. Usikate sauti ya mtangazaji, salamu au mlango unaofungwa nyuma ya wimbo. Wimbo wenyewe pengine upo kwingine, lakini sebule ile ya mwaka 1986 imebaki kwenye utepe huo tu.

Picha zishike kwa kingo. Filamu ya kawaida ilikuwa na picha 36, na kwa kuwa watu walisubiri iishe ndipo isafishwe, picha ya dansi inaweza kufuatana na picha za ubatizo au mazishi ya miezi mingine kabisa; tazama mfululizo wote. Changanua mbele na nyuma kwa nukta 600 kwa inchi, kwa sababu mhuri wa studio na maandishi ya mkono nyuma ya picha mara nyingi ndiyo ushahidi pekee wa mahali. Picha zilizogandia kwenye albamu zenye kurasa za gundi usizibandue kwa nguvu, zipige zikiwa palepale. Kama unaandika kitu nyuma, tumia penseli laini, kamwe usitumie kalamu ya wino.

Kulinganisha maelezo

Wasimuliaji wawili waliokuwa ukumbi mmoja watakupa usiku tofauti, na si lazima mmoja awe amedanganya. Andika yote mawili, kila moja kwa jina la aliyelisema. Kwa tarehe na majina ya bendi, angalia matangazo ya madansi katika magazeti ya Uhuru na Mzalendo ya miaka hiyo, ambayo hupatikana katika maktaba kubwa na Idara ya Nyaraka za Taifa. Bei za viingilio zinazosimuliwa kwa kumbukumbu zichukue kama makadirio, isipokuwa ukiona tiketi au tangazo.

Ridhaa na hifadhi

Andaa fomu fupi ya Kiswahili inayoeleza rekodi itatumika wapi, nani ataisikia, na kwamba msimuliaji anaweza kubadili mawazo. Isome kwa sauti, hata kwa anayejua kusoma. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakutaka uwe mwangalifu na habari za watu, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda nyimbo zilizo ndani ya kaseti hizo, hivyo kuhifadhi kanda kwa ajili ya familia ni jambo moja na kuuweka wimbo mzima mtandaoni ni jambo jingine linalohitaji kibali cha wenye haki. COSOTA ndiyo ofisi ya kuuliza.

Weka nakala tatu, mbili katika vifaa tofauti na moja katika nyumba au mji mwingine. Ukimaliza kundi la mahojiano, zungumza na maktaba ya mkoa, na kwa Iringa zungumza pia na Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa na Makumbusho ya Boma, uone kama watapokea nakala pamoja na fomu za ridhaa. Msimuliaji naye apewe yake, kwa namna anayoweza kuitumia. Wazee wengi hawana kompyuta, lakini wana redio ndogo inayopokea memori kadi au flashi. Geuza nakala moja kuwa MP3, weka nyimbo za kaseti yake katika folda moja na mazungumzo yake katika folda nyingine, kisha mwoneshe yeye pamoja na anayeishi naye kitufe cha kubonyeza.